Tableti ya Inchi Ngapi?

Likizo nilivuka Ziwa Mweru kutoka Nchelenge hadi Chisenga na tableti ya inchi 7. Riwaya za EPUB zilisomeka vizuri, kwani ukikuza herufi mistari hujipanga upya. Msahafu wa PDF ni picha ya ukurasa; haujipangi. Mdogo wangu, anayejifunza Fatiha, hakuiona fat'ha juu ya ta, akasoma “an'amtu” badala ya “an'amta”: “niliowaneemesha” mahali pa “Uliowaneemesha”. Nilishtuka!

Sasa napima kitabu chenyewe kwanza. Ukurasa wa A5, nusu ya A4, pembe hadi pembe ni kama inchi 10, na kioo hupimwa hivyo hivyo. Kwa msahafu na tafsiri, nunua ya 10. Mkono utachoka, najua. Iweke juu ya marufaa.