Somo la Mwezi: Bunduki Nyumbani na Mwenzi Mwenye Hofu

Mwezi huu hatutazungumza juu ya mbolea wala dawa ya kahawa. Tutazungumza juu ya chombo ambacho ni wachache kati yetu walio nacho, lakini kikiingia katika nyumba huwahusu watu wote wa nyumba ile. Chombo hicho ni bunduki.

Mimi ni karani wa ofisi ya kilimo. Si askari, wala sina silaha. Lakini kabla ya kushika kazi hii nilisomea ualimu, na swali nililoletewa lilikuwa la mwalimu. Mama mmoja wa upande wa Ruiru alikuja dirishani petu kuuliza miche ya kahawa ya Ruiru 11. Alipokwisha kuandikiwa hakuondoka. Akasema: "Bwana karani, mume wangu alipewa cheti cha bastola baada ya wezi kuvunja ghala yetu. Jioni huiweka juu ya meza tunapolia chakula. Mimi silali. Nikimwambia, hucheka na kusema twende nyuma ya nyumba anifundishe, eti mlio wa kwanza utaitoa hofu yangu."

Nilimwomba arudi na mumewe. Kabla ya siku ile nilikwenda kwa afisa wa polisi ili nisiwaambie la uongo. Haya ndiyo tuliyozungumza sisi watatu.

1. Cheti si cha nyumba

Kwa Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, cheti hupewa mtu mmoja. Mume hawezi kumkopesha mkewe bastola kama anavyomkopesha jembe, wala mke mumewe. Sheria humtaka mwenye cheti aiweke silaha yake mahali salama wakati wote. Wengi watakumbuka kwamba mwezi wa Desemba 2018 Serikali iliwataka wenye vyeti wote wakaguliwe upya. Basi mafunzo ya nyuma ya nyumba yasahauliwe kabisa. Mahali pa kujifunzia ni uwanja wa shabaha, mbele ya mkufunzi. Watu wa Thika na Ruiru hawana haja ya kwenda mbali, maana uko uwanja kule Kirigiti, Kiambu.

Tena bunduki si ya kufukuzia wanyama wa porini. Uwindaji ulipigwa marufuku katika nchi yetu mwaka 1977. Nyati akishuka kutoka Ol Donyo Sabuk, mwiteni askari wa KWS.

2. Uliza hofu inatoka wapi

Mwalimu hamcheki mtoto anayeogopa hesabu. Humwuliza ni hesabu ipi inayomshinda. Mwenye kuogopa bunduki naye aulizwe hivyo. Huenda ni mlio, na mlio una dawa: vizibo vya masikio. Huenda ni lile teke la bunduki, nalo hupunguzwa kwa kuanza na bunduki ya risasi ndogo. Huenda ni ajali, na dawa yake ni kanuni nitakazozitaja.

Yule mama hakuogopa hata moja la hayo. Nyanya yake alikaa katika kijiji cha Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwezi wa Oktoba 1952, na alimsimulia habari za bunduki zilizoingia nyumbani usiku. Katika siku zile mtu akipatikana na silaha bila ruhusa aliweza kunyongwa. Shitaka la Dedan Kimathi lenyewe lilikuwa la kupatikana na bastola, naye alinyongwa tarehe 18 Februari 1957 katika gereza la Kamiti, ambalo haliko mbali na Ruiru. Mume aliposikia hayo alinyamaza. Walikuwa wameoana miaka kumi na miwili, naye hakuwa amemwuliza hata mara moja. Hofu ya namna hii haina kizibo. Husikilizwa tu, na mwenye hofu apewe ruhusa ya kukataa.

3. Anza na kijiti

Kanuni nne zifuatazo zifundishwe nyumbani kwa kijiti cha mkono mmoja, silaha ikiwa imefungiwa:

(a) Kila bunduki ihesabiwe kuwa ina risasi, hata ukiambiwa ni tupu.

(b) Mtutu usimwelekee mtu wala kitu usichotaka kukiharibu.

(c) Kidole kikae nje ya kifyatuo, yaani kile chuma cha kufyatulia risasi, mpaka umelenga na umekusudia kupiga.

(d) Ijue shabaha yako, na ujue kilicho nyuma yake. Hata risasi ndogo ya .22 yaweza kusafiri zaidi ya kilomita 1. Ukuta wa mabati hauizuii, wala mibuni haiizuii, na mashamba yetu yamepakana.

Mwenye kijiti akimwelekezea mtoto apitaye, somo lianze upya. Katika nyumba ile aliyekosa mara tatu alikuwa mume.

4. Uwanjani

Jambo la kwanza si kupiga, bali ni kujifunza kuona kama bastola ni tupu. Kwanza hutolewa magazini, yaani kile kibweta cha risasi. Kisha hufunguliwa chemba, na kuangaliwa kwa jicho na kuguswa kwa kidole. Usigeuze utaratibu huu. Ukifungua chemba magazini ingali ndani, risasi nyingine hupanda. Na ukitoa magazini peke yake, risasi moja yaweza kubaki katika chemba. Risasi hiyo moja ndiyo iuayo watu huku mwenye bastola akiapa kwamba haikuwa na kitu.

Baadaye, mwenye hofu akitaka mwenyewe, apewe risasi moja tu. Mwenzi wake asimame nyuma, asiseme neno, amwachie mkufunzi kazi yake.

Mama yule alipiga risasi tano kwa bunduki ndogo. Kisha akaiweka chini, akasema, "Imetosha." Mkufunzi alimsifu, maana ajuaye kuacha amekwisha jifunza.

5. Kurudi nyumbani

Hakuomba cheti, wala hataki. Aliomba sanduku la chuma lililokazwa ukutani kwa misumari ya kuzungusha, na ufunguo usiokaa mahali ambapo watoto hufika. Risasi huwekwa kando, chini ya kufuli yake. Mume alilitengeneza kabla ya mvua. Mama alipokuja kuchukua miche yake aliniambia kwamba meza sasa ni ya chakula, naye analala.

Basi, wenzangu, tusidhani kwamba mtu aogopaye bunduki ana upungufu. Katika nyumba ile, aliyeogopa ndiye aliyekuwa ameiona hatari ya meza ile.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mwenye cheti hawezi kumkopesha mwenzi wake silaha?
2. Ni kipi hutolewa kwanza, risasi ya chemba au magazini? Kwa sababu gani?
3. Simama mlangoni pako utazame pande zote nne. Ni nyumba za nani zilizo ndani ya kilomita 1?
4. Mwenzi wako anaogopa nini? Umepata kumwuliza?