SOMO LA MWEZI: TUYAJUE MAJANI KWA MCHEZO WA KADI



Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4, tunasoma habari za mtu aliyekwenda kondeni kuchuma mboga wakati wa njaa. Aliona matango-mwitu, akajaza nguo yake, akarudi na kuyakatakata sufuriani. Wenzake walipoanza kula wakapiga kelele kwamba chakula kina mauti. Mtu yule hakuwa mwovu wala mvivu. Kosa lake lilikuwa moja tu: hakuujua mmea aliouchuma.

Kosa la namna hiyo halijaisha duniani. Mwaka 2019, huko Karamoja nchini Uganda, mamia ya watu waliugua na watano wakafa baada ya kula unga wa msaada uliokutwa na sumu ya aina ile iliyomo katika mmea wa mnanaha. Na hapa kwetu mnanaha huota karibu na mazizi na hata mashambani, bega kwa bega na mchicha.

Zamani mtoto alijifunza mboga kwa kufuatana na bibi yake kondeni. Siku hizi asubuhi yuko shuleni, na jioni mboga imeletwa kutoka sokoni, imekwisha fungwa mafungu. Anajua ladha ya mlenda lakini hajui mlenda unaotaje. Sisi walimu wa Shule ya Jumapili tuliona hapana budi kufanya jambo, ndipo tukachagua mchezo wa kadi za kukumbuka.

Wazee wengine wakisikia habari za karata hukunja uso kwa sababu ya kamari. Twawaomba wasiwe na hofu. Hapa hakuna fedha, na bahati haimfikishi mtu mbali. Tena mchezo wenyewe si wa jana. Wajapani tangu karne nyingi walicheza kwa kutafuta nusu mbili za kombe moja la baharini. Huko Ujerumani kampuni ya Ravensburger ilianza kuchapisha kadi za mchezo huu mwaka 1959.

Jinsi ya kutengeneza

Kata vipande 24 vya boksi, kila kimoja sentimita 8 kwa 8, vyote sawasawa. Bandika karatasi nyeupe kwa gundi ya unga wa ngano, kisha chora mimea 12, kila mmoja katika kadi mbili. Sisi tulichagua mchicha, mgagani, mlenda, kunde, muhogo, mbuyu, mkwaju, mlonge, mwarobaini, mnyonyo, mbono kaburi na mnanaha. Kwa watoto wadogo kadi mbili ziwe na picha ileile. Kwa wakubwa, moja iwe na jani na ya pili iwe na tunda, ua au mbegu. Mimea mitatu ya mwisho itiwe alama nyekundu upande wa picha. Alama isiwekwe mgongoni, maana itafichua siri.

Jinsi ya kucheza

Changanya kadi, uzilaze kifudifudi katika mistari minne yenye kadi sita sita. Kila mchezaji hufunua kadi mbili, wote wakiona. Zikiwa za mmea mmoja anazichukua na kucheza tena. Zikiwa mbalimbali anazifunika palepale zilipokuwa. Mwenye jozi nyingi ndiye mshindi. Mwanzoni, mtu akiisha kufunua kadi moja, ana nafasi 1 tu kati ya 23 ya kumpata mwenzake kwa kubahatisha. Kwa hiyo anayeshinda ni yule aliyetazama vizuri wenzake walipokuwa wakifunua.

Sisi tumeongeza sharti moja. Jozi haihesabiwi mpaka mchezaji ataje jina la mmea na jambo moja juu yake. Akipata muhogo, aseme kwamba kisamvu hutwangwa na kuchemshwa sana ili sumu yake itoke. Akipata mnyonyo au mbono kaburi, aseme kwamba mbegu zake ni sumu, hata zikipendeza machoni. Asipoweza kusema, kadi zinarudi chini.

Jambo tulilofundishwa

Siku ya kwanza bibi mmoja asiyejua kusoma alikuja kumchukua mjukuu wake. Tukamkaribisha acheze. Akatushinda sote, walimu na watoto. Kisha akainua kadi yetu ya mnanaha akatuuliza, "Wanangu, hili ni jani gani?" Tukamjibu. Akatikisa kichwa. "Mmelichora kama mchicha. Mtoto atakayejifunza kwa kadi hii atakuja kuwapikia mauti."

Tuliona haya. Tulikuwa tumechora kwa kukisia, bila kwenda kuutazama mmea wenyewe. Jioni ile tulikwenda naye nyuma ya zizi, akatuonyesha: kingo za jani zina meno makubwa yasiyo sawa, ua ni jeupe, refu kama tarumbeta, tunda lina miiba, na jani likifikichwa lina harufu mbaya. Mchicha hauna hata moja ya hayo. Lakini mche mchanga, usio na ua wala tunda, ndio unaoweza kumdanganya mchumaji mwenye haraka. Tuliichana kadi ile tukachora upya.

Basi, ndugu, hilo ndilo somo letu. Kukumbuka sana hakusaidii kitu kama kinachokumbukwa si cha kweli. Kabla ya kuwapa watoto kadi, wapelekeeni wazee wazikague. Na mchezo ukiisha, watokeni watoto nje wakaitafute mimea yenyewe pamoja na mtu mzima, maana picha haina harufu. Wasionje kitu, na wakirudi wanawe mikono.

Ikitokea mtoto amekula mmea wa sumu, msimlazimishe kutapika. Mpelekeni hospitali mara moja, mkichukua na tawi la mmea ule ili mganga auone.

Maswali ya kujadiliana

1. Mtu yule wa kitabu cha Wafalme angemwuliza nani kabla ya kutia mboga sufuriani? Sisi je, twamwuliza nani?

2. Taja mboga tano za kondeni alizojua bibi yako. Watoto wako wanazijua ngapi?

3. Karibu na nyumba yako kuna mmea gani wa sumu? Watoto wamekwisha kuonyeshwa?