Kupe wa Bluu: Kumtambua Mgeni Aletwaye na Ng'ombe wa Mnadani

Mfugaji wa Nyarugusu anunuapo ng'ombe mnadani hukagua meno, kwato na kiwele. Ni wachache wanaopapasa shingo, tumbo na mapaja kwa ndani, ambako hujishikiza kupe wa bluu.

Kupe hao wako wa aina mbili. Rhipicephalus decoloratus ni mwenyeji wa Afrika. Rhipicephalus microplus asili yake ni Asia, alivuka bahari pamoja na ng'ombe, na utafiti wa nchi nzima wa mwaka 1998 hadi 2001 ulionyesha kuwa ameenea Tanzania na mahali pengi amemsukuma mwenyeji pembeni. Jike aliyeshiba damu, wa aina yoyote kati ya hizo, huwa mviringo wa rangi ya kijivu na bluu. Hata mchungaji mzoefu hawezi kuwatenganisha kwa macho. Tofauti imo mdomoni. Kwenye hadubini, mwenyeji ana safu tatu za meno kila upande, mgeni ana nne.

Wote wawili hueneza ugonjwa wa mkojo mwekundu. Mgeni, hata hivyo, hubeba pia Babesia bovis, kimelea kikali zaidi kinachoweza kushambulia ubongo: ng'ombe huyumba, huanguka, na pengine hufa kabla mkojo haujabadilika rangi. Ng'ombe wa maziwa wa kigeni na chotara ndio huumia zaidi.

Kupe wa masikio, aenezaye ndigana kali, hudondoka ardhini kila baada ya kula. Kupe wa bluu hukaa juu ya mnyama yule yule takriban wiki tatu, tangu akiwa mdogo hadi anaposhiba. Kwa hiyo husafiri na ng'ombe kutoka wilaya hadi wilaya, kisha jike hudondoka katika boma jipya na kutaga mayai yapatayo 2,000 au zaidi.

Anayemshuku mgeni amng'oe kwa kibano karibu na ngozi, bila kumkata mdomo, maana mdomo ndio utakaochunguzwa. Kupe kadhaa, madume na majike, watiwe katika chupa ya spiriti pamoja na karatasi yenye tarehe, kijiji na mahali ng'ombe alikotoka. Maandishi yawe ya penseli, wino huyeyuka. Afisa mifugo wa kata ndiye wa kukabidhiwa chupa hiyo, ili ifikishwe Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Sampuli ichukuliwe kabla ng'ombe hajaogeshwa, naye aogeshwe kabla ya kuchanganywa na kundi.