Hasira na Hiari ya Mtu



Juma lililopita mtu mmoja wa darasa letu la ubatizo alinijia jioni, akakaa kimya kitambo kirefu. Alikuwa amempiga mkewe hata akashindwa kuinua mkono. Nilipomwuliza sababu, alijibu: «Mwalimu, si mimi. Hasira ilinishika, na pombe ilikuwamo.» Nimeona vema tujifunze jambo hili, maana si yeye peke yake asemaye hivyo.

Je, mtu aliyeshikwa na hasira angali na hiari?

Mwenyezi Mungu amempa mtu akili ya kujua mema na mabaya, na hiari ya kuchagua. Mbuzi akimpiga mwenzake pembe, hatumpeleki mbele ya wazee. Mtu hupelekwa, kwa sababu aliweza kutofanya. Hasira yenyewe haibishi hodi. Huingia kama moshi. Lakini kutoka moyoni mpaka mkononi iko njia.

Fungueni Kitabu cha Mwanzo, sura ya 4. Kaini alipokasirika, Mungu alisema naye kabla hajamwua Abeli, akamwonya kwamba dhambi inamvizia mlangoni, naye yampasa kuishinda. Angalieni: alionywa mapema, akapata nafasi ya kugeuka. Ndipo alipokwenda na nduguye shambani, na kwenda shambani si kufumba na kufumbua.

Nami nisijifanye mtakatifu. Siku moja niliinua fimbo juu ya mtoto kwa sababu ya hesabu, tena kwa hasira kali. Mara mgeni akasimama mlangoni. Nikaishusha fimbo, nikamsalimu kwa upole. Basi hasira yangu iliweza kushuka! Nilimweleza yule ndugu habari hii, kisha nikamwuliza: «Kama Padri angekuwa amekaa barazani kwako, ungalimpiga?» Akainamisha kichwa.

Kuhusu pombe nitasema machache tu. Ajuaye kwamba akilewa hupiga, naye akanywa, amechagua tangu kibuyu cha kwanza.

Na aliyeamriwa, je? Swali hili ni zito zaidi. Mwaka 1909, huko Ikili, katika nchi yetu ya Kongo, alikuwako kijana Isidore Bakanja, aliyebatizwa mwaka 1906, mtumishi wa Wazungu wa kampuni. Msimamizi wa mahali pale alichukia skapulari ya Bikira Maria aliyoivaa shingoni. Akaamuru apigwe kwa mjeledi wa ngozi ya tembo wenye misumari. Mjeledi huo ulishikwa na mtumishi mwenzake, aliyemwogopa bwana wake.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki iliyotangazwa mwaka 1992 yafundisha, katika namba 1735, kwamba hofu, ujinga, mazoea na mambo mengine ya namna hiyo yaweza kupunguza hatia ya mtu, hata kuiondoa. Kwa hiyo sithubutu kumhukumu yule mtumishi. Ningefanya nini mimi, mjeledi ukinigojea? Lakini msimamizi hakutishwa na mtu. Alikuwa na amri juu ya wote, naye alitawaliwa na kipande cha nguo shingoni mwa mtumishi wake.

Bakanja aliugua kwa miezi, vidonda vya mgongoni vikaoza. Mapadri walipomjia na kumhimiza asimchukie yule aliyemtesa, alijibu kwamba hamchukii, na kwamba akifika mbinguni atamwombea sana. Akafa tarehe 15 Agosti 1909. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri tarehe 24 Aprili 1994.

Yule ndugu yetu amekwenda kwa wakwe zake kuomba msamaha, bila kutaja pombe. Mkewe bado hajarudi, wala hatumharakishi. Padri amesema ubatizo wake utangoja; hakutaja ni mpaka lini.

Maswali ya kujibiwa Jumapili ijayo:

Mungu alimwonya Kaini wakati gani?

Msimamizi, mtumishi mwenye mjeledi, na Bakanja: ni nani kati yao aliyekuwa huru, na kwa nini?

Mara ya mwisho ulipokasirika, ni nani aliyekuwa karibu, na ungalitenda nini kama hangalikuwapo?