FUNDISHO: KWA NINI KANZU NI PANA?

Safari hii tujifunze juu ya vazi moja. Wengi kati yetu tunafikiri kama kanzu iko nguo ya fahari tu, yenye kupoteza kitambaa bure. Lakini upana wake una kazi.

Kanzu ilifika inchi yetu katika karne ya 19. Wafanya biashara wa pwani waliivaa walipofika Nyangwe, Kasongo, na mpaka Bunkeya kwa mufalme Msiri. Tuangalie mushono wake. Inashuka mpaka karibu na visigino, na mikono yake ni mirefu: jua haliunguzi ngozi. Rangi nyeupe inarudisha mwangaza wa jua. Tena haikazi mwili: mutu akitembea, upepo unapita ndani, unakausha jasho, na mwili unapoa.

Juu ya kanzu, wakubwa wa pwani walivaa joho, vazi lenye kufunguka mbele. Mbali sana, katika Asia ya Kati, Wauzbeki nao wana joho lao, jina lake chapan. La wakati wa baridi wanalishona na pamba katikati ya vitambaa viwili. Pamba inafunga hewa ndani, na hewa isiyotembea haipitishi joto upesi. Ndiyo maana mwenye kulivaa hatetemeki hata theluji ikianguka.

Sasa tufungue Kutoka 22.26-27. Mungu anaamuru hivi: ukishika vazi la mwenzako kama rehani, umurudishie mbele ya jua kushuka. Sababu gani? Juu ya vazi lile ndilo la kujifunika usiku, hana lingine. Joho la Waebrania lilikuwa nguo muchana, bulangeti usiku.

Wandugu, baridi ya mwezi wa sita na wa saba hapa kwetu tunaijua. Nasi tumeona katika chumba cha kulala mutu ananyanganywa koti juu ya deni ya franga kidogo. Yeye anatetemeka mpaka asubuhi, na mwenye makoti mawili analala vizuri. Deni ilipwe, ni haki. Lakini joto la mwili wa mwenzetu si rehani. Mwenye kushika koti la mwingine, amurudishie leo, mbele ya taa kuzimika.

Maulizo:
1. Kwa nini nguo mbili nyepesi zinaweza kuleta joto kupita moja nzito?
2. Someni Luka 6.29. Vazi gani ni la juu, na gani ni la ndani?