Mbinu za Kuwinda Panya kwa Manati

Mahindi ya masika yakishapandishwa uchagani, panya wa huku kwetu Taru nao huhamia nyumbani. Usiwakimbize na fimbo. Tengeneza manati, kaa chini, wangoje. Ni burudani nzuri ya jioni, na chakula chako kinapona.

Anza na manati yenyewe. Kata panda ya mkwaju au mti mwingine mgumu usio na ufa. Mipira itoe kwenye tyubu ya baiskeli, yote miwili urefu na upana mmoja, la sivyo kila pigo litakwenda upande. Jua la huku linakausha mpira upesi. Uvute na uukague kila jioni kabla ya kuanza. Ukiona nyufa, badilisha, maana mpira ukikatika hukurudia usoni.

Kokoto achana nazo. Zikigonga jiwe au bati huruka zinakotaka. Finyanga vidonge vya udongo wa kichuguu, ukubwa wa gololi, uvikaushe kivulini visipasuke. Ni mviringo, uzito wake unalingana, kwa hiyo huenda sawa. Vikigonga ukuta, huvunjika hapohapo.

Jizoeze kwa kopo, hatua tano au sita. Vuta mpaka shavuni, mahali palepale kila mara. Usimlenge panya kabla hujaweza kulipiga kopo bila kubahatisha. Panya aliyejeruhiwa anateseka, kisha anakwenda kufia ndani ya ukuta, na harufu yake mtaivuta wiki nzima.

Sasa soma njia zake, na hili lifanye mchana. Panya huambaa ukuta na hupita palepale kila usiku. Tafuta kinyesi, mahindi yaliyotafunwa kiini, na alama nyeusi ya mafuta ya manyoya kwenye nguzo. Ukipapata mahali hapo, kazi kubwa umeimaliza.

Weka chambo hapo na usipige siku hiyo. Panya huogopa kitu kipya. Mwache ale kwa amani usiku mbili tatu, azoee. Njugu za kukaanga zinafaa, kipande cha nazi pia, na dagaa. Wakati wa kiangazi jaribu maji kwenye kifuniko cha dumu. Katika Taru hii, ambako hata watu huyafuata maji mbali, panya mwenye kiu hapiti kifuniko hicho.

Usiku wa kupiga, simamisha gunia la mchanga nyuma ya chambo. Kila kidonge kiishie humo. Watoto wote wakae nyuma yako, na mlango wa upande ule ufungwe. Funika kioo cha tochi kwa nailoni nyekundu: panya haioni vizuri rangi hiyo, wewe utamwona. Keti giza likianza tu kuingia. Simu izime.

Akija, usiharakishe. Subiri aanze kula na atulie, kisha lenga kichwa. Ukishapiga, usiinuke kushangilia. Kaa kimya, wenzake watarudi.

Kuna visivyolengwa kabisa. Uwindaji wa wanyamapori ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na sheria ya 2013 inaendelea kuwalinda. Kwa hiyo tumbili, nyani na ngiri wakivamia shamba, waite Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS). Bunduki ya upepo nayo usiinunue kienyeji, inahitaji kibali kama silaha nyingine.

Na bundi tafadhali mwache. Najua wengi wetu tukimsikia juu ya paa tunatafuta jiwe, tukidhani ameleta mkosi. Amefuata panya. Anawinda usiku kucha wewe ukiwa umelala, wala hakudai chochote. Kwa sababu hiyohiyo usichanganye manati na sumu. Bundi au paka akila panya mwenye sumu, naye anaweza kufa.

Panya aliyekufa usimshike kwa mkono mtupu. Ana viroboto, na mkojo wake hubeba magonjwa. Vaa mfuko wa nailoni mkononi, mzike mbali na kisima, nawa kwa sabuni. Chambo kilichobaki kiondoe usiku huohuo.

Mwisho, ziba mlango wa kuingilia. Panya jike hubeba mimba wiki tatu hivi, kwa hiyo manati peke yake haitawamaliza. Kama ghala lako limesimama juu ya nguzo, vika kila nguzo bati lililokunjwa kama faneli, mdomo mpana ukitazama chini. Fyeka majani kuzunguka ghala na ukate tawi lolote linalogusa paa. Kazi hiyo imalize kabla mvua za vuli hazijaanza.