Kupoza Nyumba kwa Maji: Lini Hufaa, Lini Hudhuru

Mwongozo kwa kaya zinazozungumza Kiswahili, Al Sadd, Doha



Wengi wetu tumekulia katika nyumba zenye mtungi wa udongo. Maji hupenya polepole kwenye vinyweleo vya mtungi, hugeuka mvuke, na mvuke huo huondoka na joto la maji yaliyobaki ndani. Kanuni hiyo ndiyo inayofanya kazi katika shuka mbichi iliyotundikwa dirishani, katika feni ya maji, na katika jasho linapokauka juu ya ngozi.

Kinachoamua ni hewa

Hewa kavu hupokea mvuke kwa wepesi; hewa yenye unyevu mwingi huukataa. Mwezi wa Juni, upepo wa shamal uletao vumbi hapa Doha kwa kawaida huwa mkavu. Agosti na Septemba, upepo utokao baharini hujaza hewa unyevu, hata usiku. Kwa hiyo njia iliyotusaidia Juni yaweza kutuponza Agosti.

Jaribio la nyumbani

Wahandisi huliiga jengo ndani ya kompyuta: huingiza joto, unyevu, upepo na unene wa kuta, kisha hutazama chumba kitakavyopoa kabla ya tofali la kwanza kuwekwa. Nasi twaweza kukisia jambo hilo kwa kipimajoto cha kioo cha chumbani. Kile cha kupimia homa hakifai.

1. Kiweke kivulini karibu na dirisha lililo wazi. Andika joto lake.
2. Funga ncha yake ya chini kwa kitambaa cha pamba kilicholoweshwa.
3. Kipepee kwa feni mpaka namba isishuke tena. Andika namba hiyo ya pili.

Namba ya pili ndiyo kikomo: hakuna shuka mbichi wala feni ya maji itakayoishusha hewa chini yake.

Mifano miwili

Hewa ikiwa na nyuzi 45 na unyevu wa asilimia 15, namba ya pili huwa karibu 24. Feni ya maji inayofikia asilimia 70 ya tofauti hiyo hutoa hewa ya nyuzi 30 hivi.

Hewa ikiwa na nyuzi 35 na unyevu wa asilimia 75, namba ya pili huwa karibu 31. Feni ile ile hutoa hewa ya nyuzi 32, tena iliyozidi unyevu. Jasho halikauki, na mwili hubaki na joto lake. Kipimajoto kimeonyesha nyuzi 10 pungufu, lakini nafuu haikupatikana. Ndiyo maana Qatar, kwa uamuzi wa waziri Na. 17 wa mwaka 2021, husimamisha kazi za nje kwa kipimo kinachojumlisha joto, unyevu, jua na upepo, si kwa joto peke yake.

La kufanya

• Tofauti ya namba mbili ikiwa kubwa, tumia maji, na uache dirisha wazi ili mvuke utoke.
• Ikiwa chini ya nyuzi 5, zima feni ya maji, anua nguo mbichi, funga madirisha na uwashe kiyoyozi, ambacho hupoza na kukausha hewa.
• Usitumie feni ya maji na kiyoyozi katika chumba kimoja.
• Joto la chumba likifika nyuzi 40, usijielekezee feni kavu: itakuongezea joto.
• Safisha tangi la feni na ubadilishe maji mara kwa mara. Maji yaliyotuama huzaa vijidudu na mbu.
• Kiyoyozi kikiharibika, wahamishieni wazee, wajawazito, watoto wachanga na wagonjwa kwa jirani au mahali pengine penye ubaridi. Msingoje fundi.

Dalili za hatari

Mtu akichanganyikiwa, akizimia, akipata degedege, au mwili wake ukiwaka moto, piga simu 999 mara moja. Mpelekeni penye ubaridi, mmwagieni maji na kumpepea. Asiyejitambua asinyweshwe chochote.

Tafadhali msomeeni mwongozo huu yeyote nyumbani asiyeweza kuusoma.